Deni la Glazer halisubiri tufungwe

Kila Manchester United ikipoteza mechi mbili tatu mfululizo lile neno linarudi, Glazer out, yani familia ya Glazer inayomiliki klabu iondoke, kila mtu anaandika, hata wale ambao wiki mbili nyuma walikuwa wanakwambia achana na mambo ya wenye timu tuongee mpira. Alafu tukishinda derby, kimya. Mi huu mtindo umenichosha na leo nataka niseme yote niliyonayo moyoni, maana naona tunaidhoofisha hoja yetu wenyewe kwa kuifunga kwenye matokeo. Lile deni halikuja kwa sababu tulifungwa. Lilikuja tukiwa timu kubwa, tukabeba nalo makombe ya ligi mpaka 2013, na kipindi chote hicho lilikuwa baya vilevile kama lilivyo leo.

Nianze na jinsi lilivyokuja, maana kuna wadogo zetu wengi walioanza kuipenda hii timu enzi za kipa De Gea na hawajawahi kuelezwa vizuri, wanajua tu kwamba Glazer ni watu wabaya basi.

Klabu iliingia soko la hisa la London mwaka 1991, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kununua kipande chake na mashabiki wengi wa kawaida walikuwa nazo hisa. Mwaka 2003 Malcolm Glazer, tajiri wa Marekani mwenye timu ya Tampa Bay Buccaneers, akaanza kuzinunua kidogo kidogo. Furushi kubwa la hisa lilikuwa mikononi mwa matajiri wawili wa Ireland, John Magnier na J.P. McManus, na hawa walikuwa wameingia kwenye ugomvi mkali na kocha wetu Sir Alex Ferguson juu ya farasi wa mbio anaitwa Rock of Gibraltar, ugomvi ambao uliisha 2004 ila ulishaacha makovu. Mei 2005 wakamuuzia Glazer asilimia 28.7 yao na hapo ikawa imekwisha, ndani ya siku chache akavuka asilimia 75, Juni akaitoa klabu sokoni, na alipofika asilimia 98 sheria ikampa haki ya kuwachukulia hisa wale wachache waliobaki, watake wasitake. Kuna shabiki alikuwa na hisa zake chache tu, hataki kuuza, amekaa nazo miaka kwa mapenzi, akalipwa pauni 3 kwa hisa na kuambiwa asante.

Sasa hapa pa hela naomba tusome polepole. Bei nzima ilikuwa kama pauni milioni 790. Zaidi ya nusu yake ilikopwa. Karibu milioni 265 zilikopwa kwa dhamana ya mali za klabu yenyewe, na nyingine kama milioni 275 zilitoka kwenye mifuko ya uwekezaji ya Marekani kwa masharti kwamba riba hailipwi kila mwaka bali inajumlishwa juu ya deni, mwaka unaofuata riba inatozwa juu ya riba, na riba yenyewe ilikuja kufika asilimia 14.25 na baadae 16.25. Mwaka 2006 wakapanga upya mikopo yote, jumla ikawa kama milioni 660 na riba ya mwaka kama milioni 62. Klabu ambayo kabla ya hapo ilikuwa haidaiwi.

Na kitu ambacho watu wengi hawakishiki ni kwamba klabu haikupata hata senti kwenye ile mikopo. Haikujenga jukwaa, haikununua beki, haikulipa mshahara wa mtu. Hela zilienda kwa waliouza hisa ili Glazer awe mmiliki, alafu mzigo ukashushwa kwenye vitabu vya klabu, na anayeulipa ni mtu anayekata tiketi, anayenunua jezi, anayelipia king'amuzi, mimi na wewe tukiwemo. United ilinunuliwa kwa hela yake yenyewe, na bado ikawa sio mali yake.

Najua jibu linalokuja hapa maana nimeshabishana nalo sana, kwamba biashara zote kubwa zinakopa, mbona Arsenal walikopa, mbona Tottenham wanadaiwa kuliko sisi. Ndiyo, Arsenal walikopa wakajenga uwanja wa Emirates ukafunguliwa 2006, Tottenham walikopa wakajenga uwanja wao ukafunguliwa 2019, wa gharama ya karibu pauni bilioni 1. Ukiuliza deni liko wapi unaoneshwa viti, majukwaa, mapato ya siku ya mechi yameongezeka. Ukiuliza deni la United la 2005 liko wapi, huoneshwi kitu, kwa sababu lilichonunua ni jina la mtu kwenye karatasi za umiliki. Mi hilo ndo linaniuma kuliko ukubwa wa deni lenyewe. Deni la kujenga hata likiwa kubwa unalivumilia, unajua wanao watakuja kukaa hapo.

Tena zamani mpira wa Uingereza ulikuwa na kinga dhidi ya hii kitu. Chama cha soka cha FA kilikuwa na kanuni maarufu kama kanuni ya 34, iliyosema wakurugenzi wa klabu wasilipwe mshahara, gawio, yani faida inayogawiwa wenye hisa, liwe na kikomo kidogo, na klabu ikifungwa mali zake zisiende mfukoni kwa wenye hisa. Waliotunga hiyo kanuni walijua kabisa kwamba iko siku atakuja mtu anaitazama klabu kama shamba la kuvuna. Mwaka 1983 Tottenham walipoingia soko la hisa wakaunda kampuni mama juu ya klabu, na kampuni mama haikubanwa na ile kanuni, FA wakaangalia tu, wengine wote wakapita mlango huo huo. Kwa hiyo ukifuatilia vizuri Glazer hakuvunja mlango, aliukuta wazi, na walioacha wazi ni wale waliopewa kazi ya kuulinda mpira.

Ila walikuwepo waliopigana mapema. Wengi wanasahau kwamba mashabiki hawa hawa wa United walishashinda vita moja kabla. Mwaka 1998 BSkyB, kampuni ya televisheni ya Rupert Murdoch, ilitoa pauni milioni 623 kuinunua klabu na bodi ikakubali. Mashabiki wakajipanga, kulikuwa na chama chao huru cha IMUSA na wakaanzisha umoja wa wenye hisa wadogo, wakaandika, wakapeleka hoja zao kwenye tume ya ushindani, na Aprili 1999 serikali ikaizuia ile biashara. Angalia mwezi huo tena, Aprili 1999! Timu ilikuwa inaelekea kubeba makombe matatu msimu mmoja, raha ya mpira imejaa mpaka juu, na bado watu walikuwa na muda wa kupigania nani amiliki klabu. Hawakusubiri kufungwa.

2005 wakapigana tena na safari hii wakashindwa. Mwishoni mwa Juni watoto wa Glazer walipokuja uwanjani kwetu Old Trafford mara ya kwanza kama wamiliki, umati nje ulikuwa mkali kiasi kwamba waliondolewa kwenye magari ya polisi. Na kuna kundi lilichukua uamuzi ambao mpaka leo nikiufikiria nasisimkwa, waliondoka. Waliacha tiketi za msimu ambazo wengine familia zao zilikuwa nazo vizazi na vizazi, wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester, kila mwanachama kura moja haijalishi umechangia kiasi gani. Wakaanzia ngazi ya kumi ya soka la Uingereza, wakapanda daraja misimu mitatu ya kwanza mfululizo, wakawa wanaimba nyimbo zilezile za jukwaa la Stretford End kwenye viwanja vya vijijini, miaka kama kumi wanahama uwanja wa kukodi, mpaka Mei 2015 wakafungua uwanja wao Broadhurst Park pale Moston, sehemu kubwa ya hela wakiwa wamechanga wenyewe kwa hisa za jamii ambazo hazimpi mtu kura zaidi ya moja. Benfica walileta timu kuufungua.

Mi sikuwafuata, moyo wangu ulibaki Old Trafford na sitadanganya kwamba siku moja utatoka. Ila nawaheshimu sana, na huwa naumia nikiona mtu anawaita wasaliti. Msaliti anaondoka timu ikiwa mbovu. Hawa waliondoka Ronaldo na Rooney wakiwa wadogo wanakuja juu, wakakosa ubingwa wa 2007, wa 2008, wa 2009, wakaikosa fainali ya Ulaya ya Moscow, ule usiku wa penati dhidi ya Chelsea, na yote waliyakosa kwa hiari yao kwa sababu hawakutaka hela yao ikalipe riba ya mtu. Nani mwingine katika sisi amelipa bei hiyo?

Na hapo ndo nafika kwenye hoja ya makombe. Watetezi wa Glazer walikuwa wanasema, na wengine bado wanasema, mbona mlibeba ligi mara tano chini yao na Ulaya mkabeba, deni limewadhuru nini? Hata Ferguson mwenyewe aliwatetea mara nyingi. Jibu langu ni kwamba yale makombe yalibebwa na Ferguson pamoja na kikosi na mifumo iliyojengwa kabla, na yalifunika hali halisi. 2009 tukamuuza Ronaldo kwa pauni milioni 80, rekodi ya dunia wakati ule, na kiangazi kile akaja Valencia, akaja Obertan, akaja Michael Owen bure. Tukaambiwa soko halina bei nzuri. Miezi michache baadae, Januari 2010, klabu ikaenda kukopa zaidi ya pauni milioni 500 kwa hati fungani, yani mkopo unaogawanywa na kuuzwa kwa wawekezaji wengi, zenye riba ya zaidi ya asilimia 8 ili kulipa mikopo ya zamani, na kwa vile sheria inataka wanunuzi wa hati waoneshwe kila kitu, vitabu vikafunguka. Deni lote la klabu, ukijumlisha na la familia, lilikuwa limeshavuka milioni 700. Ikaonekana pia kwamba watoto sita wa Glazer walikuwa wamejikopesha kutoka klabuni jumla ya pauni milioni 10. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, sisi daftari lilikuwepo, halikuwa linaoneshwa tu.

Zile kurasa ndo ziliwasha moto wa kijani na dhahabu. Kwa wasiojua, United ilizaliwa 1878 ikiitwa Newton Heath, timu ya wafanyakazi wa reli ya Lancashire na Yorkshire, rangi zao kijani na dhahabu. Mwaka 1902 ile timu ilikuwa inakufa kwa madeni, ya pauni 2,670 tu, akaja mwenye kiwanda cha bia John Henry Davies akalipa, jina likabadilika kuwa Manchester United na jezi ikawa nyekundu. Kwa hiyo mtu aliyevaa skafu ya kijani na dhahabu 2010 alikuwa anasema vitu viwili kwa pamoja, kwamba sisi ni wa kabla yenu, na kwamba hii klabu ilishawahi kuokolewa kwenye deni na mtu aliyeingiza hela, tofauti na nyie mnaozitoa. Old Trafford ikajaa zile skafu huku timu inapigania ubingwa. Machi 10, 2010 tukawapiga Milan 4-0, David Beckham, nyota wetu wa zamani, akiwa upande wa Milan, na wakati anatoka uwanjani akaokota skafu moja akaivaa shingoni. Nakumbuka nilisimama wima mbele ya tv. Baadae akasema hayo mambo ya umiliki hayamhusu, sawa, lakini picha ilishazunguka dunia nzima.

Mwaka huo kulikuwa na kundi la matajiri mashabiki, Red Knights, wakiongozwa na watu kama Jim O'Neill mwanauchumi wa Goldman Sachs, walitaka kuinunua klabu, Juni wakasimamisha mpango wakisema bei inayotajwa kwenye vyombo vya habari imepaa kupita kiasi. Alafu msimu uliofuata tukachukua ubingwa wa 19, tukawapita Liverpool, na skafu za kijani zikaanza kupungua moja moja. Hilo ndo kosa ninalolisema. Deni lilikuwa palepale, riba ilikuwa bado inalipwa, furaha ikatufumba macho.

Agosti 2012 familia ikaipeleka klabu soko la hisa la New York kwa dola 14 kwa hisa, kampuni ikiwa imesajiliwa visiwa vya Cayman. Watu wengi walidhani hela zote zitapunguza deni, nusu ikaenda kwenye deni na nusu ikaenda kwa familia. Na hisa walizobaki nazo wao zina kura 10 kila moja, za wananchi wa kawaida kura 1, yani hata ungenunua hisa zote zinazozunguka sokoni bado usingewatikisa. Kuanzia 2015 mpaka 2022 wakawa wanalipa gawio, miaka mingi ni pauni milioni 20 na kitu kwa mwaka, sehemu kubwa ikienda kwao, wakati huo huo upanuzi mkubwa wa mwisho wa Old Trafford umekamilika 2006 na paa linavuja, Mei 2024 baada ya mechi na Arsenal mvua ilimwagika ndani kama maporomoko na dunia nzima ikaona. Ukijumlisha riba, ada za kupanga upya mikopo na gawio tangu 2005, hesabu zinazotoka kwenye taarifa za fedha za klabu zinavuka pauni bilioni 1. Na deni la msingi bado lipo, dola milioni 650. Umelipa bilioni na bado unadaiwa!

2021 ndo mara ya mwisho nilipoona hasira kubwa yenye shabaha. Aprili 18 klabu kubwa za Ulaya, United ikiwemo, zikatangaza ligi yao ya Super League, Joel Glazer akiwa makamu mwenyekiti, ligi ambayo huwezi kushuka, maana mtu mwenye deni kinachomtisha kuliko vyote ni msimu wa kukosa Ulaya, akiondoa hatari hiyo mapato yake yanakuwa ya uhakika kama kodi ya nyumba. Ndani ya siku mbili klabu za Uingereza zikajitoa kwa aibu. Mei 2 mashabiki wakajaa nje ya Old Trafford, kipindi kile cha korona ambapo mechi zilikuwa zinachezwa bila watazamaji, kundi likaingia mpaka ndani ya uwanja, mechi na Liverpool ikaahirishwa. Kuna askari waliumizwa siku ile, mmoja alikatwa usoni, na hilo silikubali na sitalitetea, liliwapa wamiliki nafasi ya kuhamisha mjadala. Ila wale maelfu waliosimama kwa amani nje walifanya kitu ambacho barua za miaka 16 hazikufanya, Joel Glazer akalazimika kuwaandikia wawakilishi wa mashabiki na kuanza kukutana nao.

Tukiwatazama jirani zetu pale Liverpool kuna somo ambalo hatulipendi lakini tulisome. Tom Hicks na George Gillett waliinunua Liverpool Februari 2007 wakisema mpango wao haufanani na wa Glazer, muda si mrefu deni la kuinunua likawa juu ya klabu vilevile. Mashabiki wakaunda umoja wao wa Spirit of Shankly 2008, wakaandamana, wakawaandikia mabenki duniani barua pepe kwa maelfu wakiwaomba wasiwakopeshe hawa jamaa tena. Oktoba 2010 mkopo wa benki ya RBS ukafika mwisho, hakuna aliyekubali kuwakopesha upya, bodi ikaenda Mahakama Kuu ikashinda, klabu ikauzwa pauni milioni 300 na wale wawili wakatoka mikono mitupu. Hata miaka minne haikufika. Sababu ni kwamba mkopo wao ulikuwa wa muda mfupi na wa benki moja kubwa iliyokuwa inatazamwa na umma, wa United ukageuzwa 2010 kuwa hati fungani za muda mrefu, wenye hati wametawanyika, hakuna mlango mmoja wa kwenda kuugonga. Aliyepanga ule mkopo wa 2010 alijua anachofanya.

Wajerumani nao wametuonesha. Kule kuna kanuni ya 50+1, wanachama wa klabu ndo wanashika kura nyingi, na ligi yao ilipotaka kuuza sehemu ya mapato ya haki za matangazo kwa mfuko binafsi wa uwekezaji, mashabiki wa karibu kila timu, anayeongoza na anayeshuka, wakawa wanarusha mipira ya tenisi uwanjani mechi zinasimama, wiki baada ya wiki, na Februari 2024 ligi ikaufuta mpango. Hakuna aliyeuliza timu yako imeshinda au imefungwa.

Sasa Sir Jim Ratcliffe, tajiri wa Uingereza aliyenunua sehemu ya klabu. Sitamwandika sana maana mpira wake bado unachezwa. Alitangazwa siku ya mkesha wa Krismasi 2023, akaingia rasmi Februari 2024 kwa dola 33 kwa hisa, ameweka dola milioni 300 kwa ajili ya miundombinu, hilo nampa. Lakini sehemu kubwa ya hela yake ililipwa kwa wenye hisa waliomuuzia, familia ikiwa mbele, na familia bado ndo ina kura nyingi. Tangu aje wamepunguzwa mamia ya wafanyakazi, katikati ya msimu wa 2024/25 tiketi zilizobaki zikawa pauni 66 bila punguzo la mtoto wala mzee, na Machi 2025 akasema kwenye mahojiano kwamba klabu ilikuwa inaelekea kuishiwa fedha. Msimu ule tukamaliza wa 15. Ninachoomba ni kwamba kila mtu anapoambiwa mhudumu wa klabu ameachishwa kazi ili kubana matumizi, akumbuke ni riba kiasi gani imelipwa mwaka huo huo. Kabla ya mechi na Arsenal mwezi ule wa Machi kundi la mashabiki la The 1958 liliwaita watu waandamane wamevaa nyeusi, na waliitika wengi, nikafurahi, ila ndani yangu nikajiuliza wangapi wangekuja kama tungekuwa wa tatu.

Na hili sio la United peke yake. Wamiliki wapya wa Burnley waliichukua klabu Desemba 2020 kwa mtindo huu huu, timu iliposhuka 2022 sehemu kubwa ya mkopo ikatakiwa kulipwa haraka. Bury, ambao uwanja wao wa Gigg Lane ndo uliwahifadhi FC United miaka ya mwanzo, waliuzwa kwa pauni 1 Desemba 2018, uwanja umewekwa rehani, na Agosti 2019 wakafukuzwa kwenye ligi, klabu ya 1885 iliyowahi kubeba Kombe la FA mara mbili. United ni kubwa mno kufa hivyo, ila ugonjwa ni wa ukoo mmoja.

Julai 2025 Uingereza ilipitisha sheria ya usimamizi wa soka na kuunda mdhibiti huru, ambaye atakagua wamiliki wapya na hela yao imetoka wapi. Ni hatua kubwa na imetokana na kelele za mashabiki, hasa baada ya Super League. Mi ningetaka waende mbele zaidi, iandikwe wazi kwamba mali ya klabu haiwi dhamana ya mkopo wa kuinunua klabu hiyo hiyo. Sentensi moja tu, ingetosha kutuokoa 2005.

Kwa sisi wa United kuna tarehe ya kuishika. Hati fungani za dola milioni 425 zilitolewa 2015 kwa riba ya asilimia 3.79 na ziliandikwa kulipwa Juni 2027. Dunia ya riba ndogo ile ya 2015 haipo tena, kwa hiyo kukopa upya ili kulilipa deni hilo maana yake ni kulilipia bei ya juu zaidi, deni lilelile la kununuliwa kwetu, na juu yake wanataka kujenga uwanja mpya wa watu 100,000 kwa pauni bilioni 2. Wakati huo ukifika nataka tuulize kwa sauti nani anakopa, kwa jina la nani, na dhamana ni nini, na tuulize hata kama wiki hiyo tunaongoza ligi.